Sungura wa Chupa Ndogo

Chupa yenyewe haizidi kidole cha mtoto.
Ndani yake hamna rangi, hamna harufu,
na lebo imefifia kwa baridi: kingamwili,
ya kutafutia kipokezi cha estrojeni.
Asili: sungura.

Nimekua nikisikia habari za sungura,
alivyomlaghai fisi,
alivyokula njugu za watu akamsingizia nyani.
Huyu wa chupa hana hadithi.
Alizaliwa ng'ambo, akadungwa, akatolewa damu.
Hakuuona mto Rwizi wala ng'ombe wa Ankole,
na jokofu letu hapa Mbarara, linalokoroma kama mlevi,
limemlea miezi kumi na minne
umeme ukienda, umeme ukirudi.

Jumatatu Nuwagaba akaniambia, "Dada, imebaki mara moja.
Agizo jipya bado liko Entebe, forodhani,
linangoja sahihi ya mtu aliye likizo."

Mara moja. Na mezani vipande vitatu vya nta:
2217, titi la kushoto, mama wa Ntungamo;
2231, titi la kulia, mwalimu wa Ibanda;
na cha tatu, kizazi cha mtu aliyekwisha sahaulika,
tunachokikata kila wiki kiwe shahidi,
maana jibu lisilo na shahidi ni uvumi.

Nilikaa. Chai ikapoa.
Barua ya Ntungamo ilisema: watoto sita, mume hayupo.
Ya Ibanda ilisema umri tu, thelathini na minne.
Nikajikuta napima watu kwa barua zao,
nikaona haya.

Nikarudi kwenye kisu.
Mikroni nne, nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu.
Utando ukaelea juu ya maji vuguvugu,
nikauvua kwa kioo: wa kwanza, wa pili, wa tatu,
bega kwa bega, ukucha haupiti kati yao.
Kioo kimoja.
Nikawachemsha katika sufuria ya presha
kama ile ya mama zetu, ya maharagwe,
kwa kuwa fomalini hufunga milango
na moto huifungua.

Kisha tone.
Likaenea lenyewe, kama habari mtaani.
Saa nzima, ndani ya boksi lenye kitambaa kibichi,
wanawake watatu wasiojuana
wakalala chini ya shuka moja,
na sungura akapita kiini hadi kiini akibisha:
hodi, humu yumo anayeisikia homoni?
Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Waliosema hivyo hawakusema mwenyeji yupi.

Kwenye darubini nilianza na shahidi.
Kahawia. Nikashusha pumzi.
2217: kahawia, kiini baada ya kiini,
kama buni iliyoanikwa uani mwa mtu mwenye bahati.
Nikahesabu, tisini kwa mia.
Mama wa Ntungamo atapewa vidonge,
kimoja kila jioni, miaka mitano.

Nikasogeza kioo, unywele tu.
2231: buluu.
Nikatafuta pembezoni, nikatafuta katikati,
nikabadili lenzi, nikafuta miwani.
Buluu.
Hodi ilipigwa kila mlango, hakuitikia mtu.

Yule wa hadithini angebuni kitu.
Angepaka matope kidogo hapa na pale,
akasema, tazama, kahawia.
Nami, Mungu anisamehe, nilitamani.

Nikaandika: hasi.
Herufi nne, na nyuma yake njia nyingine,
ya dripu, ya nywele zinazobaki kwenye mto;
lakini njia, si ukuta. Nilijiambia hivyo mara mbili.

Nuwagaba akauliza kama aitupe chupa.
Nikaigeuza chini juu kwenye mwanga wa dirisha,
nikaitia mfukoni mwa koti, sijui kwa nini.

Saa kumi umeme ukakatika.
Jokofu likanyamaza.
Kwa mara ya kwanza mwaka huu
sikukimbilia jenereta.